Mzigo wa Njia Ni wa Nani?

Kila mkatekumeni ajua kwamba njia nayo ni kazi. Yeye atokaye kijiji cha mbali kufuata mafundisho misioni huondoka kabla ya jogoo kuwika, hupita katika umande, huvuka kijito, na hufika akiwa amekwisha kutumia sehemu ya nguvu za siku ile. Katekista amfundisha muda wa saa moja tu, lakini siku nzima imekwisha kupita atakaporudi kwake.

Jambo hilo huwapata watu wa mji vilevile. Ni vema litazamwe, kwa sababu watu wengi wa vijijini wana watoto na ndugu walio makarani, walinzi na wafagiaji katika ofisi za Lubumbashi, Kolwezi au Bukavu. Na katika hao, wengine watakuwa mabwana wa kazi siku moja.

Na afikiriwe karani mmoja wa Lubumbashi. Akaa Katuba, na kwa miaka mingi amekwenda kwa miguu mpaka ofisi iliyo katikati ya mji. Siku moja bwana wa kazi abandika tangazo ukutani: tangu mwanzo wa mwezi ujao ofisi itahamia upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege. Mshahara ni uleule. Saa ya kuanza kazi ni ileile. Lakini sasa yampasa karani kupanda magari mawili asubuhi na mawili jioni. Kila safari yaongezeka kwa muda wa saa moja: saa mbili kwa siku, saa 12 kwa juma la siku sita. Nauli yatoka katika fedha ya unga. Zamani alifika nyumbani jua likingali juu, akasali na watoto wake. Sasa awakuta wamelala.

Bwana wa kazi ajitetea, asema: "Sikupunguza mshahara wa mtu. Sikuongeza saa za kazi. Nyumba ni yangu, naiweka nipendapo. Nimemwibia nani?"

Je, maneno hayo ni ya haki?

Kwanza yafaa kukubali kwamba kuhamisha ofisi si dhambi. Huenda nyumba imekuwa ndogo, au kodi imepanda, au kazi yenyewe yadai mahali pengine. Serikali ya Kongo yenyewe ilihama. Boma ulikuwa mji mkuu tangu mwaka 1886. Lakini tangu 1898 reli iliunganisha bandari ya Matadi na Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, ambako safari za merikebu za kupanda mto huanzia. Mwaka 1923 ilitolewa amri ya kuhamisha mji mkuu, na mwaka 1929 serikali ikahamia Léopoldville. Basi mwenye kazi aweza kuwa na sababu njema. Tena yafaa kukumbuka kwamba kati ya amri ile na kuhama kwenyewe ilipita miaka 6, wala si majuma machache.

Lakini sababu njema haitoshi kumaliza swali. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 5, chaeleza jinsi Farao alivyowatendea Waisraeli waliofyatua matofali. Hesabu ya matofali hakuibadili hata kidogo. Aliondoa majani makavu tu, akawaagiza wayatafute wenyewe. Mwenye kusoma hesabu peke yake angesema kwamba hakuna kilichoongezwa. Bali watu wale walitawanyika katika nchi yote wakikusanya mabua, na migongo yao ilijua ukweli. Farao alitenda kwa ukali wa moyo, na bwana wa kazi wa Lubumbashi huenda hana ukali wowote. Lakini mzigo usioandikwa ni mzigo vilevile, hata kama aliyeutwika hakukusudia mabaya.

Karani alipokubali mshahara wake, alipima mambo mawili pamoja: kazi ya mezani, na njia ya kuifikia. Patano lilisimama juu ya hayo mawili. Upande mmoja ukibadilisha njia peke yake, patano si lile tena, ingawa karatasi ni ileile. Kwa hiyo haki yadai wote wawili waketi na kulitazama upya.

Wengine husema: "Asiyependa aache kazi." Baba Mtakatifu Leone XIII alikwisha kulijibu neno hilo katika barua yake Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891. Alifundisha kwamba maskini akikubali masharti magumu kwa kuogopa shida kubwa zaidi, hajakubali kwa uhuru. Ametendewa kwa nguvu. Na sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yahesabu fedha ya usafiri kando ya mshahara. Hiyo ni busara, kwa maana nauli si faida ya mtu. Ni gharama ya kuufikia mlango wa kazi.

Tena mzigo huo haumwangukii kila mtu sawasawa. Mkubwa mwenye motokari hana budi kuongeza mafuta kidogo. Mama afagiaye, ambaye hufika wa kwanza na kupokea mshahara mdogo kuliko wote, huondoka nyumbani kungali giza. Kuwapa wote kitu kilekile si lazima iwe haki. Haki huanza kwa kumtazama anayelemewa zaidi.

Basi yampasa bwana wa kazi kufanya nini? Awaarifu watu mapema. Awaulize wakaa wapi na watafikaje. Achukue sehemu ya gharama kwa nauli au kwa gari la pamoja. Na kama hana fedha, abadilishe saa za kuanza na kumaliza, au awaeleze hasara yake waziwazi ili igawanywe. Haki haidai lisilowezekana. Na ajue kwamba fedha yaweza kurudisha nauli, bali haiwezi kurudisha jioni ya baba na watoto wake. Kwa hiyo juu ya haki yatakiwa mapendo, ambayo huuliza hata lile ambalo sheria haiulizi.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Aseme shida yake kwa ukweli, pamoja na wenzake na wajumbe wao, bila uongo na bila matusi. Kosa la bwana halimpi ruhusa ya kuiba karatasi za ofisi, wala kulala mezani kwa kisasi. Amri ya saba yawafunga wote wawili.

Kaisari Augusto alitaka hesabu ya watu wake. Kwake yeye aliyeketi Roma ilikuwa amri ya maneno machache. Kwa Yosefu na Bikira Maria mwenye mimba ilikuwa njia ya zaidi ya kilometa 100, toka Nazareti mpaka Betlehemu. Aamuruye ameketi hasikii uchovu wa miguu ya wengine, asipojitaabisha kuuliza.

Neno hili si la wakubwa wa mji peke yao. Wazee wakitaka kuhamisha soko, au kisima, au nyumba ya sala, wamwulize kwanza mama abebaye mtungi na mzee atembeaye kwa fimbo. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alijua kazi, na alijua njia pia. Awaombee wote watembeao kwenda kazini kabla ya mapambazuko, na wote ambao neno lao huwatuma wengine njiani.