Panga Kurudi Kwanza

Kutoka Nairobi hadi Korongo la Ol Njorowa, katika mbuga ya Hell's Gate, ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Gari la kukodi hukufikisha moja kwa moja, ila utalilipia hata saa linapokungoja. Matatu ni nafuu: panda ya Naivasha, kisha nyingine ya barabara ya ziwani, ushuke njia panda ukodi baiskeli. Bana breki kabla hujalipa. Ndani utapita kando ya pundamilia bila kioo katikati.

Kabla ya kuuliza nauli, jiulize utarudi saa ngapi. Wingu likitanda, korongo huweza kujaa maji ghafla. Nalo giza halimngoji abiria. Chombo kizuri ni kile kinachokuruhusu kuondoka mapema.