Haki ya Mwanafunzi Mgeni Katika Gari la Abiria

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu, katika miji hii iliyouzunguka Mlima Kenya vyuo vikuu vimekuwa vingi. Chuo cha Dedan Kimathi, kilicho mwendo wa kilomita 6 hivi kutoka mjini Nyeri, kilipata daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 2012. Cha Karatina kikafuatia mwaka 2013. Na Meru, Embu na Chuka navyo vipo. Pamoja na watoto wa nchi, huja wanafunzi kutoka nchi nyingine, Waislamu na wasio Waislamu. Kijana huyo hushuka Nairobi, akapanda matatu mwendo wa kilomita 150 hivi, akafika Nyeri na sanduku lake. Hajui Kikikuyu, na pengine Kiswahili hakijui, wala hajui nauli ya kutoka steji hadi chuoni. Hapo ndipo hujulikana dini ya watu wa mji.

Wako makanga waaminifu, nasi twawaombea baraka. Lakini wako na wamwonao mgeni kuwa ni windo. Humtoza maradufu ya alipayo mwenyeji aliyeketi ubavuni mwake. Wengine wakiisha kupokea nauli kamili, na gari likapungua watu, humuuza njiani kwa gari jingine kama auzwavyo mbuzi. Abiria wote huona, wakatazama nje dirishani. Na huenda mmoja wa hao ni katika sisi, ametoka msikitini sasa hivi.

Mtu aweza kusema: “Bei ni maafikiano. Kijana aliulizwa, akakubali, akalipa. Dhuluma iko wapi?” Twamjibu kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuutokea msafara nje ya mji ili kununua bidhaa za wageni kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni akaona amepunjwa, ana khiyari ya kuuvunja uuzaji ule. Yule mgeni wa msafara naye alikuwa amekubali! Lakini ridhaa ya mtu aliyefichwa khabari si ridhaa kamili. Basi anayemdaka mwanafunzi na mizigo yake kabla hajamuuliza mtu nauli, ana tofauti gani na aliyeutokea msafara?

Wala hatusemi kuwa nauli haiwezi kupanda. Mtume mwenyewe alipoombwa awawekee watu bei sokoni alikataa. Mvua ikinyesha, au mkesha wa sikukuu, nauli ikipandishwa kwa wote na ikatangazwa kabla gari halijaondoka, hilo ni jambo jingine, ijapokuwa huruma ni bora. Tunalolikemea ni bei mbili ndani ya gari moja, ya ajuaye na ya asiyejua. Na aliyepokea nauli ya kufika Nyeri akamwacha abiria Karatina, amekula ujira wa kazi ambayo hakuitimiza.

Tazameni walivyokuwa watu wa pwani yetu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona kwamba kila mfanya biashara mgeni hushuka chomboni kwa mwenyeji maalumu. Mtu akimpunja mgeni yule katika kununua, au akimuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara ile kwao hukataliwa. Naye Ibn Battuta, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alishikwa mkono na kadhi akapelekwa katika nyumba iliyotengenezwa khasa kwa wanafunzi, imetandikwa na ina kila kinachohitajiwa. Ni karibu miaka mia saba sasa. Watu wale hawakuwa na simu wala lami, lakini mgeni wao alikuwa na mtu wa kumsemea. Mgeni wetu sisi ana nani?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Tawba amemtaja msafiri miongoni mwa makundi manane yapewayo zaka. Ikiwa tumeamrishwa kumpa katika mali yetu, vipi tutanyamaza akinyang’anywa yaliyo yake? Twaona yafaa kila msikiti ulio karibu na steji uchague vijana wawili watatu, ili mwanzoni mwa muhula wawapokee wageni, wawaambie nauli ya siku ile, wawaonyeshe gari lenyewe. Jambo hili halitaki mchango wala karamu. Na wewe uliye ndani ya gari, sema kwa upole: “Ndugu, nauli ni kadha wa kadha, mrudishie chenji yake.” Neno hilo ni katika kukataza maovu.

Na wewe mwanafunzi, twakuusia. Pandia kwenye steji ya chama cha magari kinachojulikana, uliza nauli kwa abiria wawili kabla ya kuketi, na weka noti ndogo ndogo. Funga mkanda, kwani kanuni za mwaka 2004 zililazimisha mikanda, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, ili kulinda roho za watu, na kuhifadhi roho ni katika makusudio ya sheria yetu. Makanga akisahau kukudai, mlipe. Wala usiwahukumu watu wote wa mji kwa kosa la mmoja.

Mwisho twamkumbusha mla nauli ya dhuluma. Haki ya Mungu husamehewa kwa toba. Haki ya mja hungoja mwenyewe asamehe. Mwenyeji uliyemdhulumu waweza kukutana naye kesho sokoni ukamtaka radhi. Lakini kijana yule amekwisha kusoma, amechukua shahada yake, amerudi kwao. Utampata wapi umrudishie shilingi zake hamsini? Waweza kuzitoa sadaka kwa ajili yake, nawe ungali na deni siku atakapozidai. Siku hiyo hapana shilingi. Hulipwa kwa mema, na yakiisha, mtu hutwikwa maovu ya mwenziwe.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.