Mikopo ya kausha damu: Tusiwalaumu akina mama peke yao

 

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya mijini lipo neno ambalo leo hata mtoto wa shule ya msingi analijua: 'kausha damu'. Ni mkopo unaotolewa haraka, bila maswali mengi, na kurejeshwa kila wiki, pengine kila siku, pamoja na ziada kubwa. Jina hilo wamelitunga wakopaji wenyewe baada ya kuuonja.

Likitajwa suala hili barazani, wanaume hucheka na kusema wanawake wanapenda hela. Kwenye mihadhara nako, lawama zote huelekezwa upande wa akina mama. Ni kweli kwamba wao ndio wengi katika vikundi vya mikopo hiyo. Lakini Muislamu ameamrishwa uadilifu, na uadilifu ni kuutazama msiba huu kwa pande zake zote.

Hesabu yake ikoje?

Tuchukue mfano. Mama anayeuza vitumbua anakopa shilingi 200,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 190,000. Anatakiwa arejeshe 260,000 kwa wiki nne, yaani 65,000 kila wiki. Tuseme Allah amembariki, anapata faida ya 5,000 kila siku bila kupumzika hata siku moja. Kwa wiki atakuwa na 35,000. Rejesho ni 65,000. Zile 30,000 zinazopungua atazitoa wapi? Atazitoa kwenye mtaji.

Baada ya wiki nne mtaji wa 190,000 umebaki 70,000. Na hapo hajala hata senti moja ya jasho lake la siku 28, wala hajanunua daftari la mtoto. Ndipo anapokopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Siku atakapokwama, watakuja kuchukua godoro, jiko la gesi na televisheni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mikopo hii hata harusi yenyewe haipo.

Ipo na ile ya kwenye simu. Mtu anapakua programu, anaruhusu isome majina yote aliyoyahifadhi, na anapochelewa kulipa wanatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha wakwe zake, mwajiri wake na hata ustadhi wa madrasa ya watoto wake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni.

Uislamu unasemaje?

Uislamu haukuharamisha kukopa. Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) alifariki ngao yake ya vita ikiwa imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya pishi thelathini za shayiri (Bukhari). Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu namna ya kuandikiana deni.

Kilichoharamishwa ni riba. Katika Sura hiyo hiyo, aya ya 275 hadi 279, Allah (SW) ametofautisha biashara na riba, akatangaza vita dhidi ya asiyeiacha, na akabainisha kuwa mwenye kutubu ana haki ya rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Na Jabir (RA) amepokea kuwa Mtume (SAW) alimlaani mwenye kula riba, mwenye kuitoa, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili, akasema wote hao ni sawa (Muslim). Dada yangu uliyekubali uenyekiti wa kikundi, na wewe uliyeweka sahihi ya udhamini, itazameni nafasi yenu katika Hadithi hii. Na ieleweke kuwa riba haiwi halali kwa kuwa ni ndogo au imesajiliwa. Leseni humzuia mkopeshaji asivunje sheria ya nchi, haigeuzi haramu kuwa halali.

Tena Mtume (SAW) alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Allah kutokana na deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akishadaiwa, husema uongo anapozungumza na huvunja ahadi anapoahidi (Bukhari na Muslim). Ukweli wa maneno hayo tunauona majumbani. Siku ya rejesho simu inazimwa. Mtoto wa miaka saba anatumwa mlangoni aseme, "Mama hayupo." Mchana ustadhi anamfundisha kuwa uongo ni alama ya mnafiki, jioni mzazi wake anamfundisha namna ya kuutumia. Hayo ndiyo malezi tunayoyapoteza, na hakuna mkopo wa kuyarudisha.

Baba yuko wapi?

Katika darsa za akina mama tunazosomesha baada ya swala ya Alasiri, wengi huuliza kuhusu riba. Ukiwasikiliza kwa utulivu, utagundua swali lililo nyuma yake ni nafaka.

Mume anaacha elfu tatu asubuhi, nyumba ina watu sita. Jioni anarudi anakuta wali na samaki. Anakula, anakunywa maji, anashukuru, wala haulizi zile elfu tatu zimewezaje. Ada ya mtoto imelipwa, hajui nani kalipa. Siku wakija wadai ndiyo anapandisha sauti, "Nani alikutuma ukope?" Ndugu yangu, hukumtuma kwa mdomo. Umemtuma kwa kutokuuliza.

Nafaka ni haki ya mke na watoto. Hind bint Utba (RA) alipomshitakia Mtume (SAW) kuwa mumewe Abu Sufyan hampi cha kumtosha, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema (Bukhari na Muslim). Kwa upande wa pili, Suratut Talaq aya ya 7 inatufundisha kuwa mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa. Kwa hiyo aliye na kidogo halaumiwi kwa uchache. Analaumiwa anayeficha, na anayewashibisha marafiki kijiweni huku nyumba yake ikikopa.

Na akina mama nao wajihoji. Si kila mkopo umekwenda kwenye unga na ada. Ipo iliyokwenda kwenye sare ya shughuli, michango ya 'kitchen party' na kutunza ukumbini ili majirani waone. Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu waja wa Rahman kuwa wanapotumia hawafanyi israfu wala ubakhili, huwa katikati. Sare utaivaa mara moja, rejesho utalilipa wiki nne.

Nini kifanyike?

Kwanza, mume na mke wakae chini wahesabu. Kipato kitajwe, matumizi yaandikwe, na kila deni liwekwe wazi, hata kama ni aibu. Mume akiambiwa, ajizuie na hasira. Akimtisha mkewe leo, atakuwa amemfundisha kuficha deni lijalo.

Pili, aliyekwisha ingia atubu na asikope tena ili kulipa. Rasilimali aliyoichukua ni amana, airejeshe. Kuhusu ziada na vitisho, asikimbie nyumba. Aende kwa sheikh wa msikiti wake na kwa viongozi wa serikali ya mtaa akiwa na mkataba mkononi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, hivyo yapo ya kumuuliza.

Tatu, tufufue njia za halali. Upatu ambao kila mmoja anapokea sawa na alichochanga, bila ziada, hauna riba, na umewasaidia mama zetu miaka mingi. Zipo pia huduma za benki zinazofuata sharia. Amana Bank ilianza mwaka 2011, na baadaye mabenki mengine yakafungua madirisha ya namna hiyo.

Nne, misikiti yetu. Suratut Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane ya wanaopewa zaka. Tunachangisha mamilioni kwa ajili ya marumaru na vipaza sauti, na hilo ni jema. Lakini msikiti wenye safu kumi za wanaume hauna hata laki tano za kumkopesha muumini bila ziada? Tukimwambia mama wa vitumbua kuwa mlango ule ni haramu, ni wajibu wetu tumwoneshe mlango wa halali uliko.

Na wewe unayemdai mwenye dhiki, Suratul Baqara aya ya 280 inakuamrisha umngojee mpaka apate wasaa, na ukimsamehe ni bora zaidi kwako. Mtume (SAW) ameahidi kuwa mwenye kumpa muhula mwenye dhiki au kumpunguzia, Allah atamweka katika kivuli chake (Muslim).

Kwa hiyo ndugu yangu, leo usiku kabla hujalala, muulize mkeo kwa upole, "Tunadaiwa na nani?" Kisha unyamaze umsikilize.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tuepukane na haramu yako, utulipie madeni yetu na utusitiri mbele ya watoto wetu. Amin.