Utakula Nini, Nathani?

Neno la wiki: 2 Samweli 12:1–7



Nathani alikuwa na kesi ngumu. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria mwenyewe amepangwa mstari wa mbele vitani ili asirudi. Yerusalemu nzima haina mahakama ya kumwita mfalme kizimbani, na nabii akiingia ikulu akikemea, huenda asitoke. Nathani akaingia na hadithi ya tajiri mwenye mifugo tele na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, anayekula naye na kulala kifuani pake. Tajiri akapata mgeni, akamchinja yule wa maskini. Hapo Nathani akanyamaza. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu kwa kinywa chake, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye.

Watu wa Kibera na Kawangware, hapa Nairobi, hawahitaji kufafanuliwa mbinu hiyo. Siku vijana wa maigizo wanapojitokeza uwanja wa Kamukunji kule Kibera, au pale Kongo, Kawangware, ngoma hutangulia kuita watu. Mume anaingia amelewa. Mke ameshika sufuria tupu, barua ya karo ya binti iko mezani, na shangazi amekuja na habari za mchumba. Mambo yakifika kooni, kiongozi wa kikundi anapiga kofi moja, waigizaji wanaganda, mkono ungali hewani. Anawageukia watazamaji: huyu mama afanye nini? Muuza omena aliyekuwa akipita anatua beseni lake na kutoa hukumu. Mwingine anambishia. Kijana wa bodaboda anaambiwa aingie mwenyewe ashike nafasi ya baba, aonyeshe yeye angefanyaje, na mara nyingi sauti yake hupungua akishaisimamia nafasi hiyo. Maigizo ya namna hii yalienea Kenya hasa wakati wa kampeni za Ukimwi, na yalichota mengi kwa Augusto Boal wa Brazil, aliyewapa watazamaji ruhusa ya kuukatiza mchezo. Nathani alimtangulia kwa karibu miaka elfu tatu.

Kazi yote iko katika kujua pa kunyamazia. Nathani angedokeza mapema kwamba tajiri ni Daudi, hadithi ingekufa, labda na msimulizi wake pia. Nimeona maigizo ya miradi, yenye fulana za mfadhili, ambapo jibu limetangazwa kabla mume hajaingia. Watu husimama kwa adabu wakingoja soda.

Kujua huko hufundishwa, pamoja na stadi nyingine za jukwaani. Sauti ya kupenya kelele za matatu, au mvua inayopiga mabati ya ukumbi, haipatikani kwa kukaza koo; hutoka tumboni, kwa mazoezi ya pumzi ya kila siku. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho hujifunza kumtazama mtu hadi amwelewe: anavyoketi, anavyouficha mkono wenye kovu, anavyocheka akidaiwa. Kisha ambebe jukwaani bila kumdhihaki. (Sisi wahubiri tungefaa kukaa darasa hilo. Na Herode wetu wa Krismasi husikika safu mbili za mbele tu, nasi tunapiga makofi kwa kuwa ni mtoto wetu.)

Sasa kijana wa Kawangware anapata nafasi ya kusomea fani hiyo, tuseme Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho kina idara ya filamu na sanaa za maonyesho. Atapanda matatu namba 46 hadi mjini, kisha gari jingine la Thika Road. Nyumbani anaulizwa: utakula nini? Mzazi anayeuliza hivyo simlaumu. Amefua nguo za watu Lavington ili mtoto amalize kidato cha nne. Kumjibu kwa kumtaja Lupita Nyong'o, aliyesomea Yale na kutwaa Oscar mwaka 2014, ni kumpa tikiti ya bahati nasibu. Kazi zilizopo ni za jasho zaidi: vikundi vinavyozunguka shule kwa shule kuigiza vitabu teule vya fasihi, kama ilivyokuwa kwa Kigogo cha Pauline Kea, mbele ya watahiniwa, redio, miradi ya mashirika, ambayo ikiisha na mshahara umeisha. Anne Wanjugu, mwigizaji wa hapa Nairobi, aliitumia fani hiyo kwa namna nyingine: mwaka 1994 alianzisha Shangilia, makao ya watoto wa mitaani ambayo yako Kangemi, hatua chache kutoka Kawangware, na maigizo yakawa sehemu ya malezi yao.

Wenye mamlaka hawajawahi kuiona kazi hii kuwa mchezo. Mwaka 1977 wakazi wa Kamirithu, kule Limuru, wengi wao vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wanakijiji waliwasahihisha waandishi palipokosewa nyimbo na usemi wa wazee. Serikali ikaupiga mchezo marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Daudi, tukumbuke, aliungama.

Na kanisa je? Ijumaa Kuu tunawataka vijana hawa. Mpiga kinanda tunamlipa, fundi wa vipaza sauti tunamlipa, lakini anayeangikwa msalabani saa sita ya jua tunamwambia Mungu atambariki. Mwezi unaofuata kijana huyohuyo akileta barua ya chuo, tunamshauri afikirie uhasibu.

Ombi langu kwa wazee wa kanisa wiki hii ni dogo. Mfuko wetu wa basari hufunguka upesi kwa ualimu na uuguzi. Fomu ya sanaa za maonyesho iwekwe katika rundo hilohilo, ipimwe kwa alama na hali ya nyumbani kama nyingine zote. Na atakayeigiza Pilato mwaka huu apewe nauli yake kabla ya kupanda jukwaani, asingoje hadi aiombe.