Anayesubiriwa Alfajiri

Huku Kitale na Bungoma, mtu aliyeugua skizofrenia kwa miaka mingi huulizwa kwanza kama amemeza dawa. Swali ni la lazima, kwani dawa hutuliza sauti anazozisikia, na sindano ya kila mwezi imewarudisha wengi nyumbani. Lakini akishameza, siku nzima bado iko mbele yake. Nani atajua ikimpotea?

Kuijaza siku hiyo, kazi ya mahindi pekee haimtoshi. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, hupanda Machi au Aprili na kupalilia, kisha shamba hukaa likisubiri mavuno ya Oktoba na Novemba. Miwa ya Bungoma hupita mwaka mzima. Ng'ombe wa maziwa hana subira hiyo: hukamuliwa alfajiri na jioni, iwe Jumapili, iwe mvua. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningeanzia zizini. Si kwamba kazi huponya. Haiponyi, na anayewaahidi wazazi hivyo anawadanganya. Ila mtu anayehitajika hawezi kutoweka kimyakimya. Akichelewa, kuna atakayekuja kumwita kwa jina lake, na kuitwa huko ndiko ninakokuona kuwa maana.

Familia nayo ijue anachobeba. Dawa nyingine huleta usingizi mzito wa asubuhi, na klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani, kwa hiyo asipewe jembe saa sita mchana. Kumpunguzia saa si kumdharau. Dharau ni kumlimisha msimu mzima kwa sahani ya ugali, kisha kusema tunamsaidia apate nafuu.

Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa na mwana wa Bungoma, alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari na serikali ya kikoloni kuanzia 1945 hadi 1947. Simtaji kama mgonjwa. Alikuwa akiupinga ukoloni. Namtaja kwa sababu aliporudi, watu wake walikuwa bado wanamhitaji, na cheti cha wazimu hakikuwa na nguvu mbele yao. Wapo leo wanaorudi kutoka wodini na kukuta chumba chao kimegawiwa, na shamba lishakuwa la kaka.

Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yalizipa kaunti jukumu katika huduma za wagonjwa kama hawa. Mimi ningependa lifike hadi kwenye chama cha maziwa: mgonjwa asajiliwe kama mwanachama, lita zake ziandikwe kwa jina lake, na malipo ya mwisho wa mwezi yaingie kwenye simu yake mwenyewe.