Nani Alidanganywa?

Mwambie shabiki wa WWE pale Butere kwamba ile mieleka ni feki uone. "Si tunajua! Kwani wewe umegundua leo?" Nalipenda sana jibu hilo. Kumbe mtu anaweza kujua mshindi amepangwa kabla ya pambano, na bado ashike kichwa The Rock akiangushwa. Sasa hapo nani amedanganywa?

Kabla aitwe The Rock, Dwayne Johnson alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai. Alikuwa kwenye kikosi cha Chuo Kikuu cha Miami kilichotwaa ubingwa wa taifa 1991. Majeraha yakaja, benchi ikafuata. Mwaka 1995 akaenda Kanada, kwa Calgary Stampeders, nao wakamtema baada ya muda mfipi tu. Yaani mchezo wa kweli ndio uliomtupa. Ule wa "uongo" ukampa kazi 1996, na hata huko hakuteleza tu: akiigiza kijana mwema mwenye tabasamu, mashabiki walimzomea wakiimba afe. Alipogeuka mbaya, wakaanza kumpenda. Maze, watu!

Mimi nasema kuigiza si kudanganya, mradi anayetazama amekubali. Butere hawahitaji kufundishwa hilo. Aprili 2025 wasichana wa Butere Girls walipeleka Nakuru mchezo wao, Echoes of War, wakiwa na amri ya mahakama mkononi, na polisi wakarusha vitoa machozi. Hadithi ilikuwa ya kubuni. Gesi haikuwa.

Ila kuna usiku mmoja unaonisumbua. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, Owen Hart, mzaliwa wa Calgary hiyohiyo, alipaswa kuteremshwa ulingoni kwa kebo kutoka juu. Akaanguka, akafa. Watazamaji wa televisheni waliambiwa. Waliokuwa ukumbini hawakuambiwa, na shoo ikaendelea; baadaye usiku uleule The Rock akapanda kupigana na Triple H. Simlaumu sana, kwa sababu walioamua ni wakubwa, na mtu aliyewahi kutemwa hukumbuka ladha yake. Lakini wale mashabiki walilipia tiketi wakikubali kuchezewa akili kuhusu nani atashinda. Hakuna aliyeulizwa kama angependa kushangilia kando ya ulingo ambao mtu ametoka kuangukia.