Kimya cha Ndani

Mjomba wangu amebaki na sikio moja. La kushoto bado linapokea salamu. La kulia lazima ulipazie sauti, kisha urudie. Kwa zaidi ya miaka 25 alikuwa dereva wa watalii: Arusha, Karatu, Ngorongoro, Serengeti, na kurudi. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo miaka yote hiyo sikio la kulia ndilo lililokaa dirishani, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Daktari hakushangaa.

Alipostaafu aliniuzia gari lake, Land Cruiser ya dizeli, ile ndefu yenye keria juu. Sasa mimi ndiye dereva wake. Tunapokwenda kijijini, yeye hukaa kiti cha abiria, kushoto kwangu, na sikio linalonielekea ni lile bovu. Ongeza injini, tairi za matope zinazovuma kwenye lami, na keria inayopiga mluzi kuanzia kilomita 70 kwa saa, halafu jaribu kumuuliza habari za utoto wake na mama. Saa nne nzima tunakaa kama abiria wasiojuana.

Nilitaka kuongea naye kabla sikio la pili halijafuata la kwanza. Ndiyo sababu nikaamua kulinyamazisha gari.

Fundi aliyenifanyia kazi alianza na noti ya shilingi 1,000. Aliibana mlangoni, akafunga, akaivuta. Ikatoka bila kukwama. "Mpira umekufa," akasema. "Panapopita noti, panapita upepo, na upepo ukipita, kelele nayo imepita." Tukabadilisha mipira ya milango yote. Kisha akang'oa viti na kapeti, akafuta mabati kwa spiriti, akabandika shiti nzito zenye lami upande mmoja na karatasi ya alumini upande wa pili. Nilidhani atafunika kila mahali. Hapana, aliweka vipande katikati ya kila bati. Bati la gari ni ngozi ya ngoma: weka kiganja katikati, ngoma haitalia tena. Juu yake akalaza sponji isiyonywa maji, ili tukivuka mto isije ikaoza na kulisha kutu.

Mjomba alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, "gari likinyamaza, nani atakuambia beringi imekwisha?"

Nilicheka. Lakini halikuwa swali la mzaha. Dereva wa zamani huliendesha gari kwa masikio. Beringi huanza kwa kuunguruma, mkanda wa feni hulia, tairi lenye jiwe hugonga. Kelele ni usumbufu, na pia ni habari.

Kabla ya kazi niliweka simu kwenye dashibodi nikaendesha kwa kilomita 80 kwa saa. Ilionyesha desibeli 79. Baada ya kazi, barabara ileile na mwendo uleule, 73. Kwenye karatasi ni tofauti ya 6 tu, lakini vipimo hivi havihesabiwi kama shilingi: kushuka 6 maana yake nguvu ya sauti imebaki robo. Safari ya kwanza, kabla hatujafika Makuyuni, Mjomba alikuwa ameshanisimulia jinsi yeye na mama walivyopoteza mbuzi wa jirani na kulala porini kwa kuogopa kurudi nyumbani. Sikuwahi kuisikia hadithi ile. Nilijua fedha yangu haikupotea.

Tulisimama mbele kidogo, kwenye kijiji kimoja, kukaza kamba za mzigo. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa barazani akiongea na binti yake. Gari kama letu likapita kwa kasi, tairi kama zetu. Yule mama akakatisha sentensi katikati, mdomo ukabaki wazi kidogo, akangoja. Kelele ilipokwisha, akaendelea pale alipoishia. Hakuligeukia gari. Alikuwa amezoea.

Nilirudi kwenye usukani nikatazama kipimo cha mwendo kwa jicho jingine. Zamani sikuvuka 80, kwa sababu kelele zilinichosha. Siku ile nilikuwa nimefika 100 bila kujua. Na mwendo ukipanda, kelele za tairi hupanda, za upepo hupanda zaidi.

Sasa nikajiuliza: nimepunguza nini hasa? Najua mtu ana haki ya kulinda masikio yake. Anayefunga dirisha ili disko la jirani lisimwamshe mtoto hana kosa. Lakini yeye anajikinga na kelele za mwingine. Mimi nilijikinga na kelele zangu mwenyewe. Zile desibeli 79 zilikuwa fungu langu la gharama ya mwendo wangu, na yule mama alikuwa akilipa fungu lake. Nilijitoa kwenye malipo, yeye nikamwacha palepale, na kwa kuwa sikuumia tena, nikamwongezea deni.

Kwa hiyo kuna kimya cha aina mbili. Kipo cha ukuta, ambacho hubadilisha anayesikia tu. Na kipo cha chanzo, ambacho hupunguza chenyewe kinacholia. Cha ukuta kinahitaji fundi. Cha chanzo mara nyingi kinahitaji kuacha kitu: tairi za matope ambazo matope yenyewe huyaona mara mbili kwa mwaka, keria inayozungushwa tupu, dakika 20 za kufika mapema.

Sikubandua shiti za fundi. Sikio la Mjomba ni la kweli, na hadithi ya mbuzi ni ya kweli. Lakini tairi nilibadilisha, nikachukua zenye meno madogo. Keria naifunga pale tu penye mzigo. Na kwenye vijiji nashusha kioo changu, nisikie ninachowapelekea watu. Ndivyo pia nilivyoisikia beringi ya nyuma ilipoanza kuunguruma. Mjomba hakusema, "Nilikuambia." Alitabasamu tu.

Mwezi uliopita tulipita tena pale, kwa kilomita 40. Yule mama alikuwa barazani, na binti yake. Sikusikia walichokuwa wakisema. Niliona tu kwamba tulipopita, midomo yake haikusimama.